Mistari Kumi ya Nyumba Yetu

4 Februari

Kwako Wino, mwanangu,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla ya kufungua bahasha. Huku hatujambo. Baba yako hajambo ila goti. Kaka yangu huyo amegoma kabisa kwenda kulionyesha hospitali, anasema daktari atamwambia apunguze kutembea, na yeye hatembei. Kuku wake wawili wamekufa wiki iliyopita, akakaa matanga siku nzima kana kwamba amefiwa na shemeji. Mimi mzima. Nafika kazini kabla mlinzi hajafungua geti, na bado nakunywa chai isiyo na sukari kwa ubishi tu.

Sasa neno lenyewe. Pale kiwanda cha uchapaji wameamua kuachana na karatasi. Wewe umekulia chini ya meza yangu, unajua tunavyofanya kazi: prufu ikitoka mtamboni, ile nakala ya kusahihisha, tunakaa wawili, mmoja anasoma muswada kwa sauti, na koma na nukta zake zote, mwingine anafuata kwenye prufu na kalamu nyekundu mkononi. Miaka thelathini na moja nimeifanya kazi hiyo. Meneja sasa anasema ni upotevu wa watu. Kuanzia Juni kurasa zitatumwa kwa mtandao na kila msomaji atasoma peke yake, kwenye kioo. Vijana wamepewa kompyuta. Sisi wazee watatu tumeambiwa, kwa adabu sana, kwamba anayetaka kubaki aje na kifaa chake. Wenzangu wawili wameshaaga. Mimi sijaaga.

Na siagi, kwa sababu nina kitabu mezani. Ni kitabu cha vipimo vya dawa kwa wauguzi wa zahanati, kurasa mia nne za namba tupu. Tunakisoma mimi na yule binti tuliyempa jina la Koma, kwa sababu alipoanza kazi alikuwa anazimwaga koma kama mtu anayelisha kuku. Siku hizi amenyooka, nimemnyoosha mimi.

Huyo Koma ndiye aliyeniambia kuna tableti kubwa, pana kuliko daftari la mahudhurio, kioo chake hakiumizi macho na herufi unazikuza utakavyo. Anasema ndiyo bora kuliko zote na bei yake inatisha. Nikakumbuka kwamba wewe ndiwe unayeziuza. Nina fedha niliyoiweka kwa ajili ya paa. Nijibu kama msomaji, usinijibu kama muuzaji: inafaa ninunue au haifai? Na usinizungushe.

Macho yangu hayana neno, kama ndilo unalotaka kuuliza. Taa za ofisini ndizo mbovu.

Nimeisoma barua hii mara mbili. Haina kosa.

Shangazi yako


2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimefurahi kuiona bahasha yako, ingawa imechukua wiki tatu njiani na muhuri umepigwa juu ya jina langu kana kwamba wananichukia. Mimi mzima. Bado ninakaa kwenye chumba kile kile juu ya duka la dobi. Mvuke wa pasi unapanda kupitia sakafu, nguo zangu zinanuka sabuni hata zikiwa chafu. Mwambie baba nimempa pole ya kuku, na mwambie goti si jambo la kufanyia jeuri.

Kazini hivyo hivyo. Bosi wetu tunamwita Tabasamu, si kwa kuwa anatabasamu, ni kwa sababu anatukata mshahara sisi tusipotabasamu. Kutwa nzima nafuta alama za vidole kwenye vioo. Mteja akishika, nafuta. Akiondoka bila kununua, nafuta na kutabasamu.

Hiyo tableti ninaijua vizuri. Nikimpelekea mteja naibeba kwa mikono miwili kama sinia. Ni nyembamba, nyepesi kuliko unavyodhani, na herufi zake zimekaa kama zimechapwa kwenye karatasi nzuri. Ukitaka maoni yangu, kwa mchoraji inafaa. Kwa daktari wa kutazama picha za mifupa inafaa. Kwa mtu wa kulala kitandani akitazama filamu ni kujionyesha tu, ile ndogo ya nusu bei ingemtosha na chenji ingebaki. Kwako wewe, Shangazi, sijui. Sitaki kusema nisilolijua.

Acha nikuulize, usinikasirikie. Ukurasa wa pili wa barua yako, mstari wa nne umepanda juu ya wa tatu, maneno yamelaliana mpaka nikayasoma kwa kubahatisha. Na chini yake umeandika haina kosa. Wewe! Wewe uliyekuwa unanirudishia barua zangu za shule zikiwa na alama nyekundu! Umeshakwenda hospitali kupimwa?

Kuna mzee mmoja hapa, mwalimu mstaafu, aliinunua tableti hiyo Desemba kwa ajili ya kusoma. Januari akairudisha. Nitakueleza siku nyingine, wateja wameingia.

Mwanao,
Wino


29 Machi

Kwako Wino,

Marahaba. Barua imefika na kona moja imelowa, posta wameifanyia nini Mungu ndiye anayejua. Baba yako anakusalimu. Amenunua kuku wengine watatu na safari hii amewapa majina. Nimemwambia hapo amekosea, siku ya kuwachinja atakwenda kujificha. Jirani wa nyuma amepata mjukuu mwenye sauti ya king'ora. Ndizo habari.

Sasa sikiliza. Nimekuuliza swali moja, umenijibu habari za wachoraji na mifupa. Mtoto niliyemfundisha kusoma leo ananizungusha kwa maneno! Mstari wangu umepanda kwa sababu meza inayumba. Hospitali nilikwenda Novemba, ndiyo, nilikuwa nimemsindikiza baba yako na goti lake, na nilipokuwa pale nikapimwa na mimi, na hawakuona kitu. Basi. Habari za mwalimu wako sizihitaji. Wako watu wananunua kitu hawajui kukitumia, halafu wanakilaumu.

Siku zinakwenda na Juni si mbali. Nimewaza namna ya kuamua bila wewe kuniogopa. Chukua karatasi nyeupe, uikate iwe sawasawa na kioo cha hiyo tableti. Fungua maandishi, ukuze herufi mpaka pale ambapo mtu mwenye akili zake angezikuza kwa kazi ya kutwa. Kisha laza karatasi juu ya kioo, mwanga utapenya, ufuatishe herufi kwa kalamu nyeusi, unene ule ule na nafasi zile zile. Mkono wako naujua, nimeulea mimi. Nitumie hiyo karatasi. Nitaisoma dirishani asubuhi. Nikiisoma, nanunua. Nisipoisoma, yamekwisha, nitaaga kama wenzangu na kukaa nyumbani kuhesabu kuku wa baba yako.

Andika ile mistari kumi ya nyumba yetu, ndiyo unayoijua bila kukosea.

Koma anasema kazi inakwenda vizuri. Tumefika ukurasa wa tisini.

Nimeisoma barua hii mara mbili. Haina kosa.

Shangazi yako


21 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Natumai hamjambo wote, pamoja na kuku na majina yao. Huku dobi amepata mashine mpya, sakafu yangu sasa inatetemeka, kikombe nikikiacha mezani nakikuta ukingoni. Mengine ya kawaida.

Karatasi yako hii hapa ndani. Nimeifanya saa ya chakula cha mchana, Tabasamu akiwa ametoka. Wenzangu walinitazama nimeinamia kioo na karatasi kama mtoto wa chekechea, mmoja akaniuliza kama nimechanganyikiwa. Nimefuatisha kila herufi polepole. Sikunenepesha hata moja. Nilitamani, Shangazi, nakuambia kweli, kalamu nene ilikuwa karibu na mkono wangu. Sikuigusa.

Uliponiomba mistari kumi ya nyumba yetu nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Unakumbuka? Nilikuwa na miaka saba. Uliniandikia: nyumba yetu ina milango miwili, wa mbele unalia na wa nyuma haulii. Mpaka mstari wa kumi. Kila Jumamosi uliinakili upya, na pengine unaweka mstari mmoja mwongo katikati. Bibi analala juu ya paa. Mlango wa nyuma ni wa samaki. Mimi natembeza kidole mpaka niufikie, napiga kelele, nimekukamata! Unanipa biskuti. Halafu nikaanza kushindwa. Nilisoma yote kumi kwa mbio nikakuambia leo hakuna mwongo, na wewe ukanionyesha ulipo. Ukaniambia, sasa umekariri, husomi tena, na sisi kazini mtu akishaikariri prufu anampa mwenzake. Nililia kwa ajili ya biskuti.

Sisemi zaidi. Isome dirishani, peke yako, uniambie ukweli.

Lakini hili niseme. Februari uliniandikia kwamba baba amegoma kulionyesha goti lake. Machi unasema ulimsindikiza Novemba kwa ajili ya goti hilo hilo. Nimezisoma barua zote mbili sambamba, kama ulivyonifundisha.

Mwanao,
Wino


18 Mei

Kwako Wino, mwanangu, mboni ya jicho langu,

Marahaba mara mia! Hatujambo, hatujambo sana. Baba yako anaimba uani, kuku wanamkimbia. Mimi leo nimekunywa chai na sukari.

Nimeisoma! Jumapili asubuhi nilimfukuza baba yako jikoni, nikavuta pazia, nikasimama dirishani na karatasi yako. Kisha nikaanza: nyumba yetu ina milango miwili. Ikaja. Wa mbele unalia na wa nyuma haulii. Ikaja! Mstari kwa mstari, kikombe cha babu chenye ufa kisichovuja, dirisha, ngazi tatu, zote, mpaka wa kumi. Sikukwama hata mara moja. Nilikaa kwenye kiti nikalia kama mjinga. Baba yako akagonga mlango akidhani nimeanguka.

Na usidhani nimesahau mchezo wetu. Nilikuwa macho kabisa, nikisubiri huo mstari mwongo. Hukuuweka. Nimelishukuru hilo kuliko unavyojua. Nikasema, huyu sasa ni mtu mzima, hakutaka kumtega shangazi yake.

Habari ya Novemba tuiache. Nilichanganya miezi, nimekula chumvi nyingi.

Basi nimeamua. Fedha nimeshaituma kwa wakala Jumatatu, itakuwa imekufikia kabla ya barua hii. Nunua ile kubwa kabisa, usinunue ndogo ya nusu bei kwa kunionea huruma. Paa limevuja miaka sita, litavuja na wa saba. Baba yako ananiita kichaa, lakini yeye ndiye aliyewapa kuku majina.

Meneja nimemwambia mbele ya watu kwamba Juni nitakuwa na kifaa changu, tena kizuri kuliko cha kwake. Ungemwona uso!

Fanya haraka, mwanangu.

Nimeisoma barua hii mara mbili. Haina kosa.

Shangazi yako


20 Juni

Kwako Wino,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Mwezi mzima sina barua yako, sina tableti. Ukituma salamu kwa simu unamtumia baba yako, na akikuuliza habari ya mzigo unasema mtandao unakatika. Baba yako anatania kwamba umekula hela ukanunua viatu. Mimi nimemwambia Wino hana tabia hiyo. Usinitie aibu.

Mambo yameshaanza. Koma wamemhamishia chumba cha juu na kompyuta yake, simsikii tena. Mimi wamenipa mashine ya zamani kwa muda, kioo kidogo, na chumba kimya. Nakuambia kile kimya kinachosha kuliko kelele za mtambo. Natumia saa nzima kwa ukurasa mmoja. Lakini najikaza, siwezi kuwapa nafasi waseme, tulijua tu atashindwa. Kitabu cha dawa nimekitia sahihi mpaka ukurasa wa mia mbili na ishirini.

Nasubiri mzigo wangu.

Nimeisoma mara mbili. Haina kosa.

Shangazi yako


9 Julai

Shikamoo Shangazi,

Sina habari za nyumbani kwangu za kukupa. Naogopa nikianza na dobi nitamaliza na dobi, na bahasha itafungwa tena bila neno lenyewe. Hivyo ndivyo nilivyofanya na barua tatu zilizoko chini ya godoro langu.

Fedha ilifika. Mara mbili nimeitoa tableti kabatini nikaandika risiti kwa jina lako, mara mbili nikaichana. Leo nimeirudisha fedha yote kwa baba, kama ilivyokuja.

Nisikilize. Ule mstari niliuweka. Ni wa saba. Hapo penye kikombe cha babu hapana kikombe. Niliandika kitu kingine kabisa, mstari mzima, kwa herufi zile zile. Uliponiandikia kwamba umekiona kikombe chenye ufa kisichovuja, nilikuwa dukani. Niliisoma barua yako ya furaha nimesimama kati ya wateja, na Tabasamu akanikata mshahara siku hiyo.

Niliona umeniomba maandishi unayoyajua kwa moyo. Wewe! Ndiyo maana niliweka. Na nilipokuona umenishukuru kwa kutokutega nikakosa mkono wa kuandika. Nilisema, mwache afurahi wiki moja. Zikawa tano.

Sasa habari ya mwalimu. Alikuja Januari na binti yake, akakaa kwenye stuli mbele yangu, akaiweka tableti juu ya magoti. Aliniambia kuna kama kidole gumba cha mtu, kimewekwa katikati ya kila anachokitazama, na hakiondoki. Alikuwa anageuza kichwa upande ili aone, kama kuku anavyotazama punje. Alinionyesha. Alikuza herufi mpaka moja ikajaza kioo kizima, akaipata, ilikuwa M. Akasogeza, akapata A. Akasogeza tena akawa amesahau alikoanzia. Akaniambia, binti, herufi moja moja nazipata, neno ndilo linanikimbia. Tableti haikuwa na kasoro yoyote. Niliandika hivyo kwenye fomu ya kurudisha: haina kasoro.

Hicho ndicho kilichokupata, Shangazi? Kwa sababu kama ndicho, hakuna kioo tunachouza hapa kitakachokufaa, hata kile cha ukutani.

Na kitabu cha dawa. Nakuomba kwa jina la baba yangu, kirudishe kwa Koma, chote, hata kurasa ulizotia sahihi. Zile ni namba. Namba hakuna aliyezikariri.

Nisamehe. Ningesema mapema.

Mwanao,
Wino


12 Agosti

Kwako Wino,

Marahaba. Usishtuke na mwandiko. Ni wa Koma, amekuja nyumbani leo Jumamosi, tumekaa jikoni. Baba yako yuko nje na kuku wake. Mimi nasema, na koma na nukta zake, yeye anaandika. Nimemlisha biskuti asije akadai malipo.

Barua yako amenisomea baba yako. Barua zako zote za mwaka huu ni yeye amenisomea, na nilimwapisha asikuambie. Mimi nilikuwa naandika zangu kwa kulaza rula juu ya karatasi na kufuata ukingo. Hizo mara mbili nilizokuwa nazisoma, sikuwa nazisoma. Baba yako alipofika kwa mwalimu na kidole chake akaikunja barua. Akasema karatasi imelowa, hapasomeki. Nikamwambia, kaka, soma. Akasoma mpaka mwisho, halafu akatoka uani na hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Novemba nilikwenda kwa ajili yangu. Daktari alichora duara, akaweka doa katikati, nusu jeusi nusu jekundu, akasema doa hili litakua na halirudi nyuma. Akaniandikia sentensi mbili za kumpelekea mwajiri. Nikamwambia sentensi yake ya pili haina nukta mwishoni. Hakucheka. Ile karatasi sikuipeleka.

Kazi niliiendesha hivi. Koma alisoma kwa sauti, mimi nikashika prufu na kusikiliza. Sentensi au namba ikiyumba nasema, rudi hapo, inama kwenye prufu yangu, nitajie kilichochapwa. Makosa nilikuwa nayakamata kwa sikio. Watu walidhani naona. Huyu binti alijua, na hakunena hata siku moja. Sasa analia, namsikia anavuta kamasi. Koma, andika. Andika hivyo hivyo nilivyosema.

Waliponitenga naye ndipo nikabaki na kioo peke yangu. Kuhusu kitabu, barua yako ilichelewa siku tatu. Ukurasa wa mia mbili na kumi na sita, dawa ya homa kwa watoto wachanga, kulikuwa na sifuri moja iliyozidi. Mara kumi ya kipimo, Wino, kwa mtoto anayebebwa kwa mkono mmoja. Sahihi yangu ilikuwa chini yake. Koma aliiona asubuhi ya kuchapa, tena kwa bahati, alikuwa anatafuta ukurasa mwingine. Hakuna aliyenigombeza. Meneja alikuja akanivutia kiti, akaniuliza kama nimekula. Miaka thelathini na moja hajawahi kunivutia kiti. Hapo nikajua nimekwisha.

Kalamu yangu nyekundu niliwarudishia. Hawakuitaka, hawazitumii tena. Imo mfukoni mwa koti.

Usijilaumu sana kwa wiki zako tano. Ungeniambia mapema ningekutukana na kununua kwingine. Lakini jilaumu kidogo, na mimi nijilaumu kilichobaki. Kile kitoto kingekuwa cha mtu.

Ile karatasi yako, sikukudanganya. Hilo ndilo linalonitisha. Nilisimama dirishani, nikaona weupe pembeni na ukungu katikati, nikaanza kusema, na maneno yakaja moja baada ya jingine, nikaamini ni macho. Niliamini kabisa. Nililia kwa furaha ya kitu ambacho hakikuwapo.

Karatasi ninayo bado. Nimempa Koma sasa hivi, nimemwambia anisomee mstari wa saba jinsi ulivyo. Ameusoma kimoyomoyo, akakataa. Nimemwambia hii ni kazi, soma kwa sauti. Anasoma:

Shangazi, usiinunue, haitakusaidia.

Umeniweza. Kama ningeuona huo mstari ungekuwa mwongo, ningepiga kelele nimekukamata, na ungekuja kunilipa biskuti. Sikuuona. Basi ni kweli.

Fedha imefika, paa litaezekwa. Usiniandikie tena ya siri, maana barua zako sasa zina watu wengi. Niandikie habari za dobi na za Tabasamu. Baba yako atanisomea vibaya, anaruka nukta zote, lakini nitasikiliza.

Koma ameisoma barua hii mara mbili. Anasema haina kosa. Nimemwamini.

Shangazi yako